Maswali ya Wasomaji: Tumebadilisha filta za dizeli, sasa lori haliwaki

SWALI: Kwako mshauri wa safu hii. Shikamoo kama umri unaruhusu, na kama hauruhusu, pokea salaam. Nina lori aina ya Mitsubishi Fuso la mwaka 1988, injini 6D14, ambalo hushusha viazi mviringo Dar es Salaam na kurudi na saruji. Mwezi uliopita lilianza kukosa nguvu, hasa likipanda Mlima Kitonga na mzigo, hata dereva akawa anashuka gia mahali ambapo zamani hakushuka. Tulishauriwa kubadilisha filta zote mbili za dizeli, ile ya kwenye chasi inayokamata maji na ile ya pembeni ya injini, nasi tukabadilisha hapa nyumbani jioni moja. Baada ya hapo tulipiga stata mpaka betri zikaisha. Tuliazima betri za jirani, likawaka, likaunguruma vizuri kwa muda wa kama dakika mbili, kisha likaanza kutetemeka na kuzimika. Tukipampu kwa mkono linawaka tena, na baada ya dakika mbili linazima tena. Wala hatuoni dizeli ikivuja popote. Fundi wetu sasa anasema pampu ya injekta imekufa na ishushwe ipelekwe mjini kupimwa. Je, pampu inaweza kufa kwa sababu ya kubadilisha filta? – Msomaji, Makambako.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, umri unaruhusu sana.

Usiruhusu pampu ishushwe kwanza. Kushusha pampu ya injekta ya injini ya silinda sita ni kazi ya gharama, kwa sababu inaporudishwa lazima taimingi, yaani wakati wa kunyunyiza dizeli, ipangwe upya, na fundi akikosea jino moja la gia utapata tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Tena barua yako yenyewe inaitetea pampu. Pampu iliyokufa haiungurumishi injini vizuri kwa dakika mbili, ikafa, kisha ikafufuka kila mnapoisukumia mafuta kwa mkono. Inayofanya hivyo ni pampu nzima iliyonyimwa dizeli, na kinachoinyima ni hewa, ambayo mafundi wengi wa kwetu huiita upepo.

Dizeli hutoka tangini, hupita katika filta ya chasi, kisha huvutwa na pampu ndogo iliyopachikwa ubavuni mwa pampu ya injekta. Hiyo ndiyo fidi pampu, yenye kirungu cha kupampia kwa mkono. Fidi pampu huisukuma dizeli hadi kwenye filta ya pembeni ya injini, kutoka hapo ikaingia katika pampu ya injekta, nayo ikaigawa kwa mabomba sita ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli, vile vidomo vinavyonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Nozeli haifunguki mpaka shinikizo lizidi mara 150 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Kwa kuwa dizeli haibonyei, plunja ya pampu, ile pistoni ndogo iliyo ndani yake, ikiisukuma kidogo tu shinikizo hupanda papo hapo na nozeli hufunguka. Hewa hubonyea. Plunja ikikuta kiputo cha hewa inakikandamiza, kinanywea, plunja inarudi, kinavimba tena, na nozeli haitoi hata tone. Ndiyo maana betri zenu ziliisha bila lori kuwaka: stata ilikuwa ikizungusha injini isiyopata mafuta.

Sasa zile dakika mbili. Kama hewa yote ingekuwa ni ile iliyobaki ndani ya filta mpya mlipozifunga, lori lingezima mara moja au mbili, kisha hewa ingesukumwa hadi kwenye bomba la marejesho na kurudi tangini, na tatizo lingekwisha lenyewe. Lenu linarudia kila mara kwa muda ule ule, na hiyo ni dalili kwamba hewa mpya inaingia injini inapokuwa inafanya kazi. Inaingilia wapi? Kila kitu kilicho baada ya fidi pampu kina shinikizo ndani yake, hivyo kikiwa na upenyo, dizeli ndiyo itakayotoka nje na mtaiona. Kila kitu kilicho kati ya tangi na fidi pampu kinavutwa, na upenyo ulioko huko hautoi dizeli nje bali huingiza hewa ndani, bila kuacha hata alama ya unyevu. Mnasema hakuna mvujo popote. Basi tatizo liko upande wa kuvuta, na upande huo kitu mlichokigusa ni kimoja tu: filta ya chasi.

Kwa hiyo anzeni hapo, mahali ambapo mkono uligusa mwisho. Nashuku oringi (pete ya mpira ya kuzibia) au gasketi ya mpira kuliko kitu kingine chochote. Miaka mingi iliyopita niliitwa kuliona lori lililokuwa na ugonjwa kama huu wa kwenu, nikashinda chini yake tangu asubuhi hadi alasiri, nikikaza kila klipu na kulaumu tangi, pampu na dizeli ya watu. Nilipofungua filta mara ya tatu ndipo nilipopitisha kidole kwenye kitako cha chuma inapokaa filta nikahisi kijiukingo laini. Ilikuwa gasketi ya filta ya zamani, iliyoganda pale kwa joto, nyeusi juu ya chuma cheusi, nami nilikuwa nimefunga filta mpya yenye gasketi yake juu ya ile ya zamani. Gasketi mbili zilizopandana hazikai sawa hata ukikaza vipi. Niliikwangua kwa ncha ya bisibisi, ikatoka nzima kama bangili. Tangu siku ile sifungi filta bila kuifungua ya zamani na kuitazama mdomoni kuona kama gasketi yake imetoka nayo.

Kama filta yenu ni ya bakuli lenye bolti katikati, badala ya kopo la kuzungusha kwa mkono, angalieni mambo mawili zaidi. La kwanza ni ile oringi ndogo au washa ya shaba iliyo chini ya kichwa cha bolti ya katikati, ambayo mara nyingi huja mpya ndani ya boksi la filta na hutupwa pamoja na boksi. La pili ni washa za shaba zilizo pande zote mbili za bolti yenye tundu, ile mafundi huiita banjo, ambayo huunganisha bomba na filta. Washa ya shaba ikishakazwa mara moja huwa ngumu na haiwezi tena kuziba vizuri. Mpya ndiyo dawa, lakini kama duka liko mbali, iningʼinizeni kwenye waya, ichomeni mpaka iwe nyekundu, iacheni ipoe, isugueni kidogo kwa msasa laini, nayo italainika tena. Kopo la filta nalo likazwe kwa mkono: gasketi ipakwe dizeli safi, kopo lizungushwe mpaka liguse, kisha liongezwe nusu hadi robo tatu ya mzunguko. Anayelikaza kwa mnyororo na wenzo mrefu hukunja gasketi na kuunda upenyo ule ule anaojaribu kuuzuia.

Mkishaziba, toeni hewa kwa utaratibu, na hapa ndipo watu wengi huharakisha. Hakikisheni tangi lina mafuta ya kutosha na kwamba mkono wa kuzimia injini kwenye pampu umerudi mahali pake pa kuwakia; nimeona watu wakihangaika saa nzima kwa sababu ya kebo ya kuzimia iliyobaki imevutwa. Futeni vumbi na matope kuzunguka skrubu zote kabla ya kuzigusa, maana nafasi kati ya plunja na silinda yake ndani ya pampu ya injekta ni ya mikroni chache tu, wakati unywele wa kichwa una unene wa karibu mikroni 70. Punje ya mchanga ikiingia humo, pampu itakufa kweli, na maneno ya fundi wako yatatimia.

Fungueni kirungu cha fidi pampu kwa kukizungusha kinyume cha saa mpaka kinyanyuke. Legezeni skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta ya pembeni ya injini, wekeni kitambaa chini yake, kisha mtu mmoja apampu polepole, kwa mwendo kamili wa juu hadi chini. Mwanzoni mtasikia hewa ikipuliza, kisha litatoka povu jeupe kama la sabuni, kisha dizeli yenye viputo vilivyotawanyika, na mwishowe dizeli angavu isiyo na viputo inayotiririka bila kukatika. Kazeni skrubu wakati kirungu kinashuka, yaani dizeli ikiwa bado inatoka, vinginevyo mtavuta hewa tena. Fanyeni hivyo hivyo kwenye skrubu iliyo ubavuni mwa pampu ya injekta yenyewe. Msichoke mapema: filta mbili tupu pamoja na mabomba yake zinaweza kudai mapigo mia moja au zaidi. Mtajua mmefika pale kirungu kitakapokuwa kizito na msikie mlio mwembamba kama wa panya kutoka kwenye vali ya marejesho. Kirudisheni kirungu chini na kukikaza, kwa kuwa kikiachwa wazi huwa chenyewe ni mlango wa hewa.

Ndipo mpige stata, na muipige kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, si zaidi, kisha muipumzishe dakika moja au mbili. Stata ya volti 24 hula umeme mwingi sana, na waya zake za ndani huungua kabla hujasikia harufu. Asubuhi ya baridi ya Makambako oili huwa nzito na betri hudhoofika, kwa hiyo chagueni saa za mchana kwa kazi hii. Kama injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, hewa imebaki kwenye yale mabomba sita ya chuma. Chukueni spana ya 17 au 19, kulingana na nati zenu, mlegeze nati za mabomba upande wa nozeli kwa nusu mzunguko, kisha mzungushe injini kwa stata mpaka dizeli iruke kwa vipigo kutoka kila moja. Kazeni moja baada ya nyingine. Kwa kawaida injini huanza kushika silinda mbili au tatu kabla hamjamaliza, ikigonga na kutoa moshi mweupe, na huo moshi ni dizeli isiyoungua, usiwatie hofu. Macho na mikono vikae mbali na mruko wa dizeli, kwa maana ile inayotoka kwenye nozeli ina nguvu ya kutoboa ngozi, na jeraha lake, hata likionekana kama tundu la sindano, ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Likiwaka na kuzima tena baada ya dakika mbili, kabla ya kumsikiliza mtu yeyote kuhusu pampu, fanyeni jaribio la dumu. Wekeni dumu safi la lita kumi lenye dizeli safi mahali palipo juu kuliko pampu ya injekta, ondoeni bomba linaloingia kwenye fidi pampu, ungeni mpira unaoonyesha ndani kutoka kwenye dumu hadi hapo, na marejesho nayo yaelekezwe kwenye dumu hilo hilo. Toeni hewa, washeni, mliache liungurume kwa robo saa. Likikaa, pampu imeshinda kesi, na adui yuko kati ya tangi na fidi pampu: mpira uliopasuka chini ya klipu, bomba lililolika kwa kusuguana na chasi, au mrija wa kuvutia ulio ndani ya tangi wenye ufa karibu na juu, ambao husumbua mafuta yanapopungua na kutulia tangi likijazwa. Likizima hata kwa dumu, itazameni fidi pampu yenyewe. Kirungu kinachotoa majimaji ya dizeli kwenye shingo yake kimechoka.

Kuhusu Kitonga, naona kuna jambo halijamalizika. Filta mpya zinaweza kuwa zimetibu dalili tu. Chukueni filta ya zamani ya injini, mlikate kopo lake kwa msumeno, mkunjue karatasi yake juani. Ikiwa na ute mweusi unaonata, maji yamekaa tangini muda mrefu na vijidudu vimeota humo. Ikiwa na unga wa kutu, tangi linalika kwa ndani na litahitaji kushushwa na kuoshwa, la sivyo filta mpya zitaziba kabla viazi vya msimu huu havijaisha shambani. Wakati huo huo fungueni banjo inayoingiza mafuta kwenye fidi pampu, kwa sababu katika pampu nyingi za aina hii kuna kichujio kidogo cha wavu ndani yake, chenye ukubwa wa ncha ya kidole, ambacho wamiliki wengi hawajui kama kipo. Kikiziba, lori hukaa vizuri kwenye tambarare na kuishiwa pumzi mlimani, sawasawa na unavyoeleza. Angalieni pia mfuniko wa tangi: ukiwa na tundu lililozibwa na vumbi, tangi hunyonywa na dizeli hukataa kutoka. Jaribio lake halina gharama, legezeni mfuniko lori likiwa linaishiwa nguvu na msikilize kama utavuta pumzi.

SWALI: Mimi ni mama mwenye lori dogo la Isuzu lenye injini ya 4BD1, nalifanyia biashara ya mchanga hapa Tanga. Kila tunapobadilisha filta, kijana wangu hujaza filta mpya dizeli kabla ya kuifunga ili asipampu sana, na likikataa kuwaka huweka kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa kuvuta hewa. Linawaka, lakini mlio wake hunitisha. Je, ni sahihi?

JIBU: Mama yangu, la kwanza lina nusu ya ukweli na la pili likome leo.

Filta ya kopo ina matundu madogo yaliyozunguka kwenye mduara na tundu moja kubwa katikati lenye nyuzi. Katika filta nyingi dizeli chafu huingilia yale madogo, hupita kwenye karatasi, na kutokea katikati ikiwa safi. Kijana akimimina kupitia tundu la katikati, anaipeleka dizeli ambayo haijachujwa moja kwa moja kwenye pampu ya injekta, pamoja na chochote kilichokuwemo kwenye chupa ya maji aliyoitumia. Akitaka kujaza, amimine polepole kupitia matundu ya pembeni na kuacha tundu la katikati limezibwa kwa kidole kilichofutwa. Hata hivyo, kwa kuwa lori lako lina pampu ya mkono, ningependa aifunge tupu na kupampu.

Ile petroli huwaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda, na mlio unaokutisha ni pistoni ikipigwa ikiwa njiani. Ringi huvunjika na koneti rodi hupinda kwa namna hiyo. Petroli pia haitoi hewa kwenye mabomba: inaizungusha injini kwa nguvu mpaka pampu ijivutie dizeli yenyewe, kazi ambayo mkono wa kijana ungeifanya kwa dakika kumi bila kuhatarisha injini wala nyusi zake. Kulivuta lori kwa kamba kuna tatizo hilo hilo la kuzungusha injini isiyo na mafuta, na mpini wa breki mkononi mwa mtu aliyechoka.

SWALI: Mshauri, mimi ni fundi kijana wa Kitale. Nimejifunza kulegeza nati za nozeli kwenye Bedford za zamani na Fuso, na kazi huenda vizuri. Wiki hii nimeletewa pikapu ya dizeli ya kisasa ambayo imekataa kuwaka baada ya kubadilishwa filta. Naweza kutumia njia hiyo hiyo? Na kwa nini Bedford nyingine pampu yake ya mkono huwa kama haina nguvu kabisa?

JIBU: Hapana, kijana wangu, na naomba uliandike ukutani kwenye gereji yako. Magari hayo ya kisasa huweka dizeli kwenye bomba moja la pamoja kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,600, yaani karibu mara 1,600 ya shinikizo la hewa, linalosimamiwa na kompyuta. Ukilegeza nati pale injini ikizunguka, unacheza na kitu kinachokata mkono. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji huagiza bomba lililofunguliwa libadilishwe lisirudishwe. Kwa gari hilo tumia balbu ya mpira au kitufe cha kupampia kilicho juu ya filta, mpaka kiwe kigumu. Kama halina, huwa na pampu ya umeme ndani ya tangi, nayo hufanya kazi ukifungua swichi bila kupiga stata, ukasubiri, ukazima, ukarudia mara tano au sita. Likikataa baada ya hapo, lipeleke kwa mwenye mashine ya kusomea makosa.

Bedford yako ina fidi pampu ya wenzo, inayosukumwa na kamu ya injini, yaani nundu iliyo kwenye shafti inayozunguka. Injini ikisimama wakati kamu imeinua wenzo hadi juu kabisa, wenzo wa mkono hukosa nafasi ya kwenda, nawe utapampu hewa mpaka jioni. Zungusha injini mzunguko mmoja kwa spana kwenye puli ya mbele, kisha ujaribu tena; utausikia wenzo ukikamata mafuta.